Ukiitwa kwenye usaili Arusha, saa ya mamilioni iache nyumbani

Nautoa msimamo wangu mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta. Kijana anayekwenda kwenye usaili wa kazi ya mshahara hapa Arusha, au kule Moshi, asivae saa ya kifahari. Asivae ya kwake, asivae ya kuazima, na ile kopi iliyonunuliwa kwa machinga ndiyo asiiguse kabisa. Nasema hivi nikiwa mtu ninayependa saa za mkononi na kuheshimu mikono ya mafundi wanaozitengeneza. Mapenzi hayo hayajanizuia kuona kinachotokea pale mlango wa chumba cha usaili unapofunguliwa na mkono wenye saa ya bei mbaya ukatangulia kuingia.

Tuanze na hesabu, maana jopo nalo huanza na hesabu hata kama halisemi. Rolex Submariner, ambayo hata asiyejua saa huitambua kwa umbo, kwa wakala halali inauzwa kwa zaidi ya dola 9,000 za Marekani. Ukibadilisha kwa shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni milioni 22 na nusu. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo saa moja ni mishahara ya miezi 45, bila kula, bila nauli ya kifodi, bila kodi ya chumba Sakina wala Majengo. Mwombaji wa kazi ya kuanzia anaponyoosha mkono kusaini karatasi ya mahudhurio, ameonyesha karibu miaka 4 ya mshahara ule ule anaouomba. Wajumbe wakishaona hivyo, wanajiuliza jambo ambalo halimo kwenye orodha yao ya maswali: imetoka wapi?

Hilo ndilo tatizo lenyewe. Saa ya kifahari inajibu swali ambalo hujaulizwa, na kwa kuwa hujaulizwa, hupewi nafasi ya kufafanua. Pengo la mwaka mmoja kwenye wasifu wako utaulizwa, utaeleza kwamba ulikuwa unamuuguza mzazi, na jopo litaelewa. Alama mbaya ya hesabu kidato cha nne utaulizwa, utajibu. Kuhusu saa hakuna anayefungua mdomo. Mjumbe anaitazama, anaandika kitu moyoni, kisha anasema kwa upole, "Karibu, tueleze kidogo kuhusu wewe." Utajieleza vizuri sana, na yeye tayari ana maelezo yake.

Wapo wanaoitetea kwa kusema saa nzuri inaonyesha mtu anayejali muda. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, kabla ya Desemba 1969, Seiko ya Japani ilipoingiza sokoni Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kuuzwa iliyoendeshwa kwa kipande cha kwatzi kinachotetema mara 8,192 kwa sekunde. Siku zile Astron iliuzwa kwa bei ya gari dogo. Teknolojia yake ikashuka bei hadi ikaingia kwenye saa za plastiki. Casio F-91W, inayotengenezwa tangu 1989 na kuvaliwa dunia nzima, kiwango chake ni kukosea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya makanika ya Uswisi, inayoendeshwa kwa springi bila betri, yenye cheti rasmi cha usahihi inaruhusiwa kubaki nyuma sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku, na ukizidisha kwa mwezi unapata dakika 2 au 3. Saa ya mamilioni, kwa kazi ya kutunza muda, inashindwa na saa ya mwanafunzi. Thamani yake ipo kwenye ufundi, historia na jina, na hayo mwajiri hakukuitia. Anayetaka kuonyesha kwamba anajali muda afike robo saa kabla ya kuitwa.

Kuna njia nyingine ya kulipima jambo hili, nayo inatoka kwa wachumi. Mwaka 1973 Michael Spence alichapisha uchambuzi kuhusu soko la ajira ambao mwaka 2001 ulimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Alianzia kwenye ukweli ambao kila mwajiri anaujua: huwezi kuuona uwezo wa mtu kwa macho, hivyo unatafuta ishara. Ishara yenye maana ni ile ambayo asiye na uwezo anaipata kwa taabu kubwa kuliko mwenye uwezo. Chukua CPA, cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mhasibu aliyeipata amekesha, amerudia mitihani, ameacha harusi na misiba ya jirani. Mzembe hawezi kuifikia kwa wepesi ule ule, ndiyo maana mwajiri akiiona anapata taarifa. Sasa iweke saa kwenye mizani hiyo hiyo. Anaweza kuwa nayo mchapakazi, mvivu, mtoto wa tajiri, aliyezawadiwa na mchumba, aliyeazima kwa binamu, na aliyeiba. Inaeleza kwamba mahali fulani kulikuwa na fedha. Haielezi ni ya nani wala ilipatikanaje, na haigusi hata kidogo kama unaweza kufunga hesabu za mwisho wa mwezi.

Mwaka 2019 Stephen Garcia na wenzake walichapisha utafiti uliokutana na jambo linalofanana na hili. Watu walipotaka kujipatia marafiki wapya, walidhani alama za utajiri zingewavutia wengine. Wale wengine, walipoulizwa wao, walivutiwa zaidi na wasiokuwa na alama hizo. Utafiti ule ulihusu urafiki na haukugusa ajira, ila kosa la kukadiria vibaya macho ya mwenzako ni lile lile. Anayevaa anaona heshima. Anayetazama anaona mtu anayejiweka juu yake.

Na bado hatujagusa feki. Kando ya Barabara ya Sokoine, na Moshi kuzunguka stendi kuu, kwa elfu ishirini au thelathini unapata saa yenye taji la Rolex au nembo ya Omega, inang'aa kama ya kweli. Mjumbe wa jopo hana kioo cha fundi wala hawezi kufungua mfuniko wa nyuma aone mashine. Atakisia, na makisio yake yote yanakugharimu. Akidhani ni halisi, tumerudi kwenye lile swali la imetoka wapi. Akidhani ni kopi, umeketi mbele yake na jina la uongo mkononi huku mezani kuna vyeti unavyotaka aamini kwamba ni vya kweli. Asipoijua kabisa, umebeba hatari bure. Wala usidhani Arusha hakuna wanaojua. Mji huu unapokea watalii na mabalozi mwaka mzima, na watu waliokaa nao wameona saa halisi nyingi. Wanajua kwamba mshale wa sekunde wa Rolex ya sasa unateleza, na kwamba kopi nyingi za betri mshale wake unaruka sekunde moja moja.

Ninachokataa ni ile kauli ya haraka kwamba kuulizia saa ya mtu ni wivu wa Waswahili. Swali la mali imetoka wapi lina historia nchini, na ukurasa wake mkubwa uliandikwa katika mji huu huu. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Arusha, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa. Miiko yake ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa kwenye makampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar miiko hiyo ililegezwa, lakini swali lilibaki. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka viongozi watoe tamko la mali na madeni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja kuwa kosa kwa mtumishi wa umma kuwa na mali asiyoweza kuieleza ikilinganishwa na kipato chake. Mjumbe mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyesomea shule za serikali na kufanya kazi kwenye halmashauri au chama cha ushirika, amelelewa ndani ya swali hilo. Akiitazama saa yako anafanya alichofundishwa kufanya. Unaweza kusema anakosea kwako, na huenda kweli anakosea, ila usimwite mwenye husuda.

Arusha hii hii ina watu wanaoisoma saa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka ule ule wa Azimio, 1967, tanzanite, jiwe la vito, iligunduliwa Mererani, upande wa Simanjiro, na biashara yake ikatengeneza tabaka la watu wasiofungua mkoba bila kwanza kupima uwezo wa mwenzao. Kwa dalali wa mawe, saa, buti na gari ni sehemu ya mtaji. Dili hufungwa kwa neno, mzigo huenda kabla fedha haijafika, na anayekukopesha anataka dalili kwamba hutamkimbia. Pale saa inafanya kazi halali. Nenda nayo. Lakini hata huko si sheria. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili makubwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, picha zilizozunguka dunia zilimwonyesha katika vazi la Kimaasai, na hakuna aliyeuliza mkononi ana nini.

Moshi nao wana msimu wao. Desemba, magari yanapopanda kwenda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, saa mpya ni sehemu ya taarifa ya mwaka kwa wazazi na majirani: mwanenu yupo, anajituma, hakupotea mjini. Naiheshimu desturi hiyo. Shangazi akikushika mkono akaigeuza saa huku na huku na kusema "hongera mwanangu", amekufurahia kwa kuwa anakujua tangu ulipokuwa unachunga mbuzi. Jopo halikujui. Halina picha yako ya utotoni ya kuilinganisha na saa hiyo.

Aina ya kazi nayo ina uzito. Hatari kubwa ipo kwenye kazi za kushika fedha za watu: mhasibu, mtunza stoo, afisa ununuzi, afisa mikopo wa SACCOS. Mkoa wa Kilimanjaro una historia ndefu ya ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilisajiliwa mwaka 1933, na kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima wa kahawa kilichoanza 1925. Wazee wengi wa bodi wamewahi kuona au kusikia jinsi fedha za kahawa zilivyopotea mikononi mwa watu waliovaa vizuri. Mwombaji wa nafasi ya kukusanya marejesho ya mama lishe na wakulima wa ndizi akiingia na dhahabu mkononi, wazee wale hawamwoni yeye. Wanamwona yule wa zamani. Utawaambia nini?

Kwa waongozaji wa watalii, mambo ni tofauti kidogo, na hapa naona vijana wengi wa Arusha wanakosea. Wanadhani kwa kuwa wageni ni matajiri, mwongozaji naye afanane nao. Mmiliki wa kampuni anatafuta mtu ambaye saa kumi na mbili kamili asubuhi gari liko getini, na ambaye mlimani anajua ni saa ngapi kundi linatakiwa kugeuza hata kama kilele cha mita 5,895 kinaonekana pale. Saa ya raba isiyoingia maji, yenye mikwaruzo ya vumbi la Serengeti, inamweleza mmiliki huyo kitu. Tena bakshishi ni sehemu kubwa ya kipato cha mwongozaji, na mgeni anayeona saa ya bei kuliko yake mkononi mwa anayemhudumia hataelewa bahasha ni ya nini. Kwenye ofisi za kimataifa zilizopo Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki na nyinginezo, saa ya bei haiwashtui watu, hasa kwa nafasi za juu. Anayeomba ukurugenzi akiwa na miaka ishirini ya kazi nyuma yake anaweza kuvaa saa inayolingana na miaka hiyo. Makala hii haimhusu.

Lipo jambo linaloniudhi kuliko yote. Mwanamume akivaa saa ya bei, jopo linajiuliza amepata wapi fedha. Mwanamke akivaa saa ile ile, linajiuliza amenunuliwa na nani. Nimekaa kwenye vyumba vya usaili nikasikia maneno hayo yakisemwa baada ya msailiwa kutoka na mlango kufungwa, tena kwa kicheko, na sauti za kike zilikuwamo pia. Dada aliyefanya kazi ya miaka mitano, akajiwekea, akajinunulia saa kwa jasho lake, anavuliwa heshima yake na watu ambao dakika tano zilizopita walimwambia "karibu sana dada". Hakuna kipengele cha ajira kinachopimwa na kicheko kile. Ushauri wangu kwa dada huyo ni ule ule, iache nyumbani, na ninautoa kwa uchungu kwa sababu namtaka abebe mzigo ambao si wake. Lakini siku ya usaili anachohitaji ni barua ya ajira. Vita ya kuirekebisha mioyo ya jopo ataipigana vizuri zaidi akiwa ameajiriwa, na siku moja akiwa yeye ndiye mwenyekiti.

Mtu mmoja namtoa kwenye katazo langu: mwenye saa ya urithi. Baba alifanya kazi reli au kiwandani, akastaafu, akaacha saa kuukuu ya makanika yenye kioo kilichofifia na mkanda wa ngozi uliobadilishwa mara nyingi. Hata kama jina lake ni kubwa, ukuukuu wake unaonekana kwa mbali na hauzui maswali mabaya. Vaa. Ukiulizwa, sema "ya marehemu baba" na uishie hapo.

Wengine wote wavae saa ya kawaida inayotembea, au wasivae kabisa, maana mkono mtupu haujawahi kumkosesha mtu kazi. Ukivaa ya kidijiti, zima ule mlio wa kila saa kamili. Utalia ukiwa katikati ya jibu la swali gumu. Ile inayounganishwa na simu ivue, kwa sababu ujumbe ukiingia itawaka, macho yako yatashuka mkononi, na wajumbe wataona mtu anayeangalia muda wakiwa wanaongea naye. Usiazime hata kama rafiki anakulazimisha kwa nia njema. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, na saa ya kuazima nayo inakufanya uulinde mkono badala ya kumsikiliza anayekuuliza. Matangazo ya wito wa usaili ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hukumbusha kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, na aje na vyeti halisi na kitambulisho. Kwa anayetoka Longido, Karatu au Rombo, ile elfu thelathini ya kopi ya Rolex ni gesti ya usiku mmoja karibu na eneo la usaili. Atalala, ataoga kwa utulivu, atapitia maelezo ya kazi mara nyingine, na atafika bila vumbi la njiani.

Nimewaambia vijana wavue saa. Wenzangu tunaokaa upande wa pili wa meza nao wana lao la kusikia. Karatasi ya alama ina vipengele: elimu, uzoefu, uelewa wa kazi, kujieleza. Haina kipengele cha mkono wa kushoto, na mjumbe anayepunguza alama za "kujieleza" kwa sababu ya saa amedanganya kwenye waraka rasmi. Kama wasiwasi wenu ni uadilifu, ulizeni swali la uadilifu, na muwaulize wasailiwa wote kwa maneno yale yale. Wapigieni simu waliotajwa kama wadhamini, ambao mara nyingi hatuwapigii. Na mkiona kwamba saa ya mtu inahitaji maelezo, muulizeni mbele ya jopo zima, jibu lake liandikwe, apewe nafasi ile ile aliyopewa ya kueleza pengo kwenye wasifu wake.